Mionzi ikikutana na kidonda: kwa nini wiki ya tatu ndiyo ya kuogopwa

Juni 2025, vituo vya nyuklia vya Iran huko Natanz, Isfahan na Fordow viliposhambuliwa kwa ndege na makombora, akina mama wengi wenye watoto au ndugu Muscat, Doha, Kuwait na Dubai walijiuliza swali moja: tutafute vidonge vya iodini? Wapo huko watu wanaozungumza Kiswahili tangu enzi za mababu zao, na wapo mabinti zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani. Siku zile Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitangaza kwamba kiwango cha mionzi nje ya vituo hivyo hakikupanda. Hata hivyo, tarehe 20 Juni mkuu wa shirika hilo, Rafael Grossi, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba kushambuliwa kwa kinu cha Bushehr, kilicho ufukweni mwa Ghuba, kungekuwa jambo jingine kabisa, kwa sababu hicho ni kinu kinachozalisha umeme na ndani yake mna maelfu ya kilo za nyuklia.

Wakati ule Bushehr haikupigwa, na swali la iodini likapoa. Lakini lilikuwa swali dogo kuliko hatari yenyewe. Kidonge cha iodini, yale yale madini joto tunayoyasikia kwenye chumvi, hulinda kiungo kimoja tu, tezi ya shingoni, na hulinda dhidi ya kitu kimoja tu, iodini yenye mionzi. Hakimsaidii mtu aliyeangukiwa na ukuta akavunjika mguu huku mwili wake umepitiwa na mionzi. Na vita vikifika kwenye kinu cha nyuklia, wagonjwa wa namna hiyo ndio watakaojaa hospitalini: watu wenye mionzi na jeraha kwa pamoja. Wengi wao huponyoka siku ya kwanza. Wanapokufa, mara nyingi hufa wiki kadhaa baadaye, na muuaji ni maambukizi.

Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa, kwa sababu maambukizi ni adui ambaye dawa tunajua namna ya kupambana naye, ila lazima lianze mapema.

Kiwanda kilichosimama

Ndani ya mifupa kuna uboho, ile nyama laini ambayo watoto hupenda kuifyonza kwenye mfupa wa supu. Huko ndiko damu inakotengenezwa: chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe sahani zinazogandisha damu, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria huitwa nyutrofili. Hawaishi muda mrefu, kwa hiyo uboho hutengeneza wapya usiku na mchana bila kupumzika. Mionzi mikali ikipita mwilini, kiwanda hicho husimama. Askari waliokwisha kutoka wanaendelea na kazi kwa siku chache, kisha wanaisha, na nyuma yao hakuna anayekuja.

Hapa ndipo ugonjwa wa mionzi unapodanganya. Saa chache baada ya tukio mtu hutapika, huchoka, pengine huharisha. Kisha anatulia. Anakula, anacheka, anaomba kurudi nyumbani, na kidonda chake kinaonekana kimeanza kukauka. Familia hushukuru Mungu. Kipindi hicho cha utulivu huweza kuchukua wiki moja, mbili, hata tatu, ikitegemea mionzi aliyoipata ni mingi kiasi gani. Baada yake huja homa, vidonda mdomoni, damu kwenye fizi, na kile kidonda kilichokuwa kinakauka kinafumuka.

Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa grei. Mama uliyewahi kumpeleka mtoto kupigwa eksirei ya kifua usiwe na wasiwasi: picha ile ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya grei moja. Ugonjwa tunaouzungumzia huanza kuonekana mtu akipata karibu grei moja mwili mzima kwa muda mfupi. Akipata grei tatu na nusu hadi nne bila matibabu, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni nusu kwa nusu. Akitibiwa vizuri, hesabu hiyo hubadilika sana kwa upande wake.

Sasa ongeza jeraha. Ngozi ni ukuta wa kwanza wa mwili, na ukuta ukibomoka wadudu huingia. Ukuta wa pili hauonekani, nao ni utando wa ndani wa utumbo. Mionzi huuharibu utando huo, na bakteria waliokuwa wakiishi tumboni kwa amani tangu mtu azaliwe huvuka na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana kumtenga mgonjwa kwenye chumba safi peke yake hakutoshi. Sehemu ya adui amekuja naye.

Watafiti waliwahi kuwapima wanyama kwa njia ambayo leo tungeiona ya kikatili, lakini ilifundisha jambo moja. Kuungua ambako kwenyewe kuliua wachache tu, na mionzi kidogo ambayo yenyewe haikuua hata mmoja, vilipowekwa pamoja viliua wengi. Madhara hayakujumlishwa, yalizidishwa. Jeraha linahitaji damu, chembe nyeupe na nguvu ili lipone, na mionzi inakuwa imevichukua vyote vitatu.

Yaliyokwisha kutokea

Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya wachimbaji wa Kongo, katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Tunalitaja kwa sababu habari hizi husimuliwa kana kwamba hazituhusu.

Bomu lilipodondoshwa asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, lilichoma, likabomoa na kumwaga mionzi kwa mpigo mmoja. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 60 na 70 ya walioathirika na mionzi walikuwa pia wameungua au kujeruhiwa. Zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji ule waliuawa au kujeruhiwa. Waliobaki walifunga vidonda kwa vitambaa walivyovipata, katika joto la kiangazi, nzi wakitua. Watu walioonekana wamenusurika walianza kufa baada ya wiki mbili na tatu, nywele zikidondoka, homa ikipanda. Madaktari hawakujua walikuwa wanatibu nini, na hata wangelijua, antibayotiki hazikuwepo mikononi mwao.

Miaka 41 baadaye, Chernobyl, hali ilikuwa tofauti. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 wazima moto na wafanyakazi wa kinu walipata mionzi mikali. Watu 134 walithibitishwa kuwa na ugonjwa wa mionzi, na 28 kati yao walikufa katika miezi michache iliyofuata. Wagonjwa wengi mahututi walipelekwa Hospitali Namba 6 ya Moscow, kwa timu ya daktari Angelina Guskova, mwanamke aliyekuwa amewatibu wagonjwa wa mionzi kwa miongo kadhaa. Chembechembe zenye mionzi ziliwaganda kwenye nguo zilizolowa maji na kuwachoma ngozi. Kwa watu 19 kati ya wale 28, kuungua huko kwa ngozi kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kifo. Yaani hawa pia walikuwa wagonjwa wa mambo mawili kwa pamoja, mionzi na ngozi iliyofunguka.

Kutoka Moscow dunia ilijifunza kitu ambacho hakikutangazwa sana. Magazeti yaliandika kuhusu upandikizaji wa uboho, kazi iliyomleta daktari Robert Gale kutoka Marekani. Upandikizaji 13 ulifanyika, na ni wagonjwa wawili tu kati ya hao waliopona. Waliookolewa kwa wingi waliokolewa na mambo ya kawaida yasiyopigwa picha: antibayotiki zilizoanzishwa kwa wakati, dawa ya fangasi, dawa ya virusi kwa wale waliotokwa na malengelenge mdomoni, kuongezewa chembe sahani, maji ya mishipa, vyumba safi na wauguzi wanaonawa mikono.

Tukio la tatu ndilo tunalotaka mama alikumbuke zaidi, kwa sababu halikuhusu bomu wala kinu. Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, Brazil, watu wawili waokota chuma chakavu walibeba kichwa cha mashine ya kutibia saratani kutoka kliniki iliyohamwa. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu wenye mionzi, gramu 93 tu. Gizani unga ule uling'aa rangi ya buluu, na watu wakagawana kama kitu cha thamani, ndugu na majirani. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala yai kwa mikono ileile. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, wanne wakafa wakiwemo yule mtoto na shangazi yake. Walikufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini. Wengine walitoka hospitalini na vidonda vya mikono vilivyochukua miezi kupona, na mmoja alikatwa mkono.

Saa 48 za kwanza

Mgonjwa wa mionzi na jeraha anapofika hospitalini, kanuni ya kwanza huwashangaza wengi: mionzi inangoja. Kinachotibiwa kwanza ni damu inayovuja, pumzi iliyoziba, mfupa uliotoboa ngozi. Hakuna sababu ya kumwacha mtoto avuje damu mlangoni eti mpaka apimwe mionzi. Muuguzi akivaa glavu, barakoa na gauni, hatari kwake ni ndogo sana.

Kisha nguo huvuliwa. Kuvua nguo kwa uangalifu na kuzifunga kwenye mfuko huweza kuondoa hadi asilimia 90 ya vumbi la mionzi lililo nje ya mwili. Kidonda huoshwa kabla ya ngozi nzima, kwa maji safi mengi au maji ya chumvi ya hospitali, bila kusugua, halafu hufunikwa ili maji machafu ya kichwani yasikiingie.

Linalofuata linawapa madaktari mtihani halisi. Majeraha ya mabomu, kwa kawaida ya wapasuaji wa vitani, huoshwa na kuachwa wazi siku nne au tano kabla ya kushonwa, ili usaha usifungiwe ndani. Kwa mgonjwa wa mionzi mikali desturi hiyo inaweza kumuua. Kidonda kilicho wazi siku ya tano kitakuwa bado wazi siku ya kumi na tano, wakati askari wameisha. Kwa hiyo upasuaji wote wa lazima, kuosha, kukata nyama iliyokufa, kunyoosha mfupa na kufunga ngozi, hulengwa kukamilika ndani ya saa 36 hadi 48. Dirisha hilo likipita, upasuaji usio wa kuokoa maisha huahirishwa mpaka uboho urudi kufanya kazi, na hiyo ni wiki nyingi, pengine miezi. Fikiria sasa hospitali ya mji uliopigwa, umeme hakuna, chumba cha upasuaji kimoja, majeruhi 200 kwenye korido, halafu daktari aambiwe ana siku mbili.

Atajuaje nani amepata mionzi mingi? Kwa vitu viwili rahisi. Kwanza ni saa: ametapika muda gani baada ya tukio? Kadiri alivyotapika mapema, ndivyo kipimo kinavyoelekea kuwa kikubwa, ingawa hofu na kugongwa kichwa navyo hutapisha. Pili ni picha kamili ya damu, kipimo kilekile ambacho mtoto wako hufanyiwa akiwa na homa isiyoeleweka. Katika siku mbili za mwanzo hurudiwa kila baada ya saa 6 hadi 12, wakiangalia aina ya chembe nyeupe zinazoitwa limfosaiti. Zikiporomoka haraka, mgonjwa huyo ana safari ndefu. Mashine ya kipimo hicho inapatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Kinachokosekana mara nyingi ni dawa za kuiendeshea, na mtu wa kuipima saa nane usiku.

Homa ikija

Mtu mzima mwenye afya huwa na nyutrofili zaidi ya 1,500 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 500, mlango uko wazi. Hapo, hata bila homa, madaktari huweza kuanza dawa za kinga: antibayotiki ya kumeza kama levofloksasini, dawa ya fangasi, na dawa ya kuzuia malengelenge ya virusi. Kabla ya hapo hawagawi antibayotiki kwa kila aliyekuwepo kwenye tukio, na wana sababu. Dawa hizo huua pia bakteria wema wa utumboni wanaowazuia wabaya wasijae, na kinachobaki ni wadudu sugu.

Homa ikifika nyuzi 38.3 mara moja, au 38 ikakaa kwa saa nzima, kwa mgonjwa mwenye nyutrofili chini ya 500, hiyo ni dharura sawa na ajali. Damu huchukuliwa kwa ajili ya kuotesha vijidudu, kisha antibayotiki kali ya mshipani huanza ndani ya saa moja bila kungoja majibu. Bakteria wanaolengwa ni wale wa utumboni kama Escherichia coli na Klebsiella, yule wa maji machafu na majeraha aitwaye Pseudomonas, na Staphylococcus wa kwenye ngozi. Homa ikiendelea siku nne hadi saba licha ya dawa, daktari hufikiria fangasi.

Jambo moja huwachanganya ndugu wanaouguza. Kwa mgonjwa asiye na chembe nyeupe, kidonda kinaweza kuoza bila kutoa usaha, kwa sababu usaha wenyewe umetengenezwa na chembe nyeupe zilizokufa. Kidonda kinaonekana kikavu na kisafi, huku mgonjwa anatetemeka kwa homa. Kwa huyu amini kipimajoto kuliko macho yako.

Ipo pia dawa ya kukiamsha kiwanda. Inaitwa filgrastimu, na huchomwa chini ya ngozi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha Machi 2015 kwa watu wazima na watoto waliopata mionzi ya kuua uboho. Kwa kuwa haiwezekani kuwapiga watu mionzi ili kujaribu dawa, uamuzi ule ulitegemea majaribio ya nyani, na nyingine tatu zilizofuata hadi 2021 zilipita njia hiyo ya wanyama. Wanyama hao walipigwa mionzi tu; hawakuwa na mfupa uliovunjika wala ngozi iliyoungua. Mgonjwa tunayemwogopea zaidi siye aliyejaribiwa. Hatusemi dawa haifai, madaktari wataitumia na ni sawa waitumie, ila anayeuza matumaini kwamba sindano moja imemaliza tatizo hajasema ukweli wote.

Ghala lina nini?

Januari 2023, vita vikiwa karibu na kinu cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, kilichokuwa mikononi mwa wanajeshi wa Urusi tangu Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mpya ya dawa ambazo nchi zinapaswa kuweka akiba kwa ajili ya dharura za mionzi. Ya kabla yake ilikuwa ya 2007. Iodini imo. Zimo pia dawa za kutoa sesiamu mwilini, dawa za kuamsha uboho, dawa za kuzuia kutapika na za kutibu maambukizi. Lakini ukifuatilia habari, kinachopigwa picha kikigawiwa ni iodini. Ni rahisi, hudumu muda mrefu kabatini, na kiongozi akiigawa anaonekana amefanya jambo. Chembe sahani za damu haziwezi kukaa kabatini, hudumu siku chache tu. Muuguzi aliyezoea kuuguza mgonjwa asiye na kinga naye huwezi kumnunua siku ya tukio.

Kwa maoni yetu, maandalizi ya kweli ya nchi yoyote dhidi ya janga la namna hii yanaonekana wodi ya saratani ya watoto. Mama aliyewahi kukaa na mtoto Ocean Road, Muhimbili, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda anazijua habari hizi zote: damu zimeshuka, homa imepanda, kimbia usingoje asubuhi. Tiba ya saratani husimamisha uboho karibu kama mionzi inavyousimamisha, na dawa ni zilezile: antibayotiki za mshipani, filgrastimu, chembe sahani. Wodi ile ikikosa antibayotiki mwezi huu, basi nchi haijajiandaa kwa janga lolote la mionzi, hata ghala likijaa iodini mpaka dari.

Swali hili linatuhusu Afrika Mashariki kwa sababu mbili. Kenya inapanga kinu chake cha kwanza cha nyuklia, mpango uliopingwa na wakazi wa Uyombo, Kilifi, kisha ukaelekezwa Siaya. Uganda nayo inapanga cha Buyende. Kinu kinachotunzwa vizuri hakimuui jirani yake, na hatuandiki haya kuwatia watu hofu. Tunasema tu kwamba mkutano wa wananchi ukiitishwa, mama mmoja asimame aulize: hospitali iliyo karibu ina mashine ya picha kamili ya damu inayofanya kazi usiku? Ina benki ya damu? Sababu ya pili ni ya karibu zaidi, nayo ni chuma chakavu. Vijana wetu wanakiokota kila siku, na Goiânia ilianzia hapo. Alama ya mionzi ni mabawa matatu meusi yaliyozunguka duara kwenye rangi ya njano. Mfundishe mwanao kuitambua kama ulivyomfundisha alama ya umeme wa hatari.

Kuna tatizo jingine ambalo halingoji vita. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani, na eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ni Afrika kusini mwa Sahara. Kila tiba tuliyoieleza hapo juu inategemea antibayotiki ambayo bado inaua mdudu. Vidonge vitatu vinavyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mafua, na nusu dozi inayowekwa kabatini, vinaila akiba hiyo kidogo kidogo, na hakuna ghala la serikali linaloweza kuirudisha.

Wewe unayeuguza

Ukiwa mbali na hospitali na tukio limetokea, ingia ndani ya nyumba, funga madirisha, mvue mtoto nguo za nje, mwoshe kwa maji na sabuni ya kawaida bila kumkwaruza. Usimtie krimu ya kulainisha nywele, hushika vumbi. Kidonda kioshe, kifunike kwa kitambaa kisafi, na usikipake majivu, dawa ya meno wala samli. Andika saa aliyotapika mara ya kwanza, hata kwa kalamu kwenye mkono wake. Daktari ataihitaji kuliko maelezo mengine yote. Chukua kadi ya kliniki, kwa sababu wataangalia chanjo ya pepopunda.

Maumivu na homa usivitibu kwa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa hizo huzidisha kuvuja damu kwa mtu ambaye chembe sahani zake zinaelekea kushuka. Parasetamoli ni salama zaidi, ila pima joto kabla ya kumpa, uandike, maana dawa ya kushusha homa huficha dalili unayoisubiri. Kipimajoto kiwekwe kwapani, kamwe kisiwekwe njia ya haja kubwa, ambako mkwaruzo mdogo huwa mlango wa bakteria.

Anayenyonyesha huuliza kama aache. Kama wewe mwenyewe umepata vumbi la mionzi na kuna maziwa mengine salama ya kumpa mtoto, tumia hayo mpaka upimwe. Kama hakuna, nawa matiti vizuri na uendelee kunyonyesha; njaa itamuumiza mtoto haraka zaidi.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani katika ile wiki ya utulivu, usikubali kuondoka bila tarehe ya kupima damu tena. Chakula chake kipikwe kiive, maji yachemshwe, mswaki uwe laini. Chanjo zenye kirusi hai, kama ya surua, zisitolewe mpaka daktari aseme. Hesabu siku kwenye kalenda ukutani, na kuanzia wiki ya pili pima joto asubuhi na jioni hata akiwa anacheza mpira. Nyuzi 38 ni safari ya hospitali usiku uleule.

Huko Goiânia, siku ya kumzika yule mtoto, umati ulikusanyika makaburini kuzuia maziko kwa kuogopa mionzi, na mawe yakarushwa. Woga wa namna hiyo huwafanya hata ndugu kumkimbia mgonjwa aliye hai. Mtu aliyepitiwa na mionzi haiambukizi kama kikohozi. Akishavuliwa nguo, akaoshwa, na wahudumu wakathibitisha kwamba hana vumbi ndani ya mwili, anabebeka, anakumbatika, analala kitanda kimoja na mama yake. Anayepaswa kuogopa ni yeye. Ukiwa na mafua, kikohozi au jipu mkononi, mwachie dada yako zamu ya kulala wodini mpaka upone, na anayeingia anawe mikono kabla ya kumgusa.